Raia mpya amepatikana Uvira

Kwa Wizara ya Elimu ya Taifa na Uraia Mpya, Kinshasa.

Waheshimiwa,

Tangu mlipoongeza "Uraia Mpya" kwenye jina lenu, sisi wa huku Uvira tumekuwa tukijiuliza huyo raia mpya anafanana na nani. Nina furaha kuwaarifu kwamba nimemzaa. Ana miaka saba. Haulizi pesa ya mitihani imekwenda wapi. Hahoji kwa nini mwalimu hajalipwa. Ukimsukuma kwenye foleni hatukani mtu. Shida ni moja tu: shule zenu hazimtaki.

Anasikia vizuri, anaelewa, anacheza. Maneno ndiyo yanachelewa. Mbuzi wa jirani akila sombe yetu, majani ya muhogo, atasema "mbuzi... sombe... ile", kisha atakushika mkono akupeleke ukaone. Ushahidi wake haujawahi kukosea.

Direkta wa kwanza (simtaji, naye ana watoto wa kulisha) alimpokea kwa upole, akamuuliza jina kwa Kifaransa. Mtoto akanyamaza. Akauliza tena, Kifaransa kile kile, sauti imepanda. Kisha akanigeukia: "Mama, huyu umupeleke kwa viziwi." Tukaenda kwa viziwi. Mwalimu wa huko alisimama nyuma yake akaangusha kifuniko cha sufuria; mtoto akageuka. "Anasikia," akasema, karibu kwa masikitiko, maana nafasi ilikuwepo. Basi kwa wanaosikia mwanangu ni kiziwi, kwa viziwi ni mgeni, na hakuna fomu yenye kisanduku chake.

Sizidharau shule za viziwi. Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi mwenyewe, alianzia Ghana mwaka 1957 akafungua shule katika nchi nyingi za Afrika, Kongo ikiwemo, na hakungoja wizara imwanzishie. Alifariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda, tarehe 3 Desemba 1987. Miaka mitano baadaye Umoja wa Mataifa uliichagua 3 Desemba iwe siku ya watu wenye ulemavu, siku ambayo viongozi wetu huvaa fulana mpya na kusoma hotuba. Kwa hotuba, hatujawahi kuwa na uchelewaji wa lugha.

Ushauri nao sikunyimwa. Jirani alitaka nimpeleke akakatwe kilimi, kinyama cha kooni ambacho huku kwetu hubebeshwa lawama ya kila kitu kuanzia kikohozi. Mchungaji aliahidi kuufungua ulimi kwa siku tatu za kufunga. Mwalimu mmoja, msomi, aliamua kosa ni langu: nyumbani Kifuliru, uani Kiswahili, upande wa baba Kibembe. "Munamuchanganya mutoto." Wataalamu wamelichunguza hilo zamani: lugha nyingi hazimcheleweshi mtoto kusema. Zingekuwa zinachelewesha, mji wetu wote, Kavimvira hadi Kalundu, ungekuwa bubu, na yeyote aliyefika sokoni wakati bei ya maziwa inatajwa kwa Kinyamulenge na kubishaniwa kwa Kiswahili anajua kwamba si bubu.

Kwenye karatasi mwanangu ni tajiri. Katiba ya 2006, ibara ya 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima, tena bure katika shule za serikali. Mwaka 2015 nchi ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Tarehe 3 Mei 2022 tukapata sheria yetu wenyewe ya kuwalinda. Nakala yake niliibeba mpaka kwa direkta mwingine. Aliisoma yote kwa heshima, akanirudishia, akanipeleka kuona kalasi ya kwanza: watoto themanini na zaidi, wamebanana kwenye mabenchi kama walivyobanana tangu Septemba 2019 mlipotangaza shule ni bure. "Sheria ni nzuri, mama. Nimuweke wapi?"

Nilibaki dirishani. Mwalimu aliandika sentensi ya Kifaransa ubaoni, akaigonga kwa fimbo, kalasi nzima ikaiimba. Akaigonga tena, ikaimbwa tena. Wakati wa mapumziko nilimuuliza mtoto mmoja ina maana gani. Alicheka, akakimbia. Katiba inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na programu yenu wenyewe inataka miaka ya mwanzo ifundishwe kwa lugha hizo. Hapo ndipo nikalielewa kosa la mwanangu. Wenzake pia hawasemi. Ila wao hawasemi kwa sauti kubwa.

Utafiti wa Uingereza uliwakuta watoto kama 7 katika kila 100 wanaoanza shule wakiwa na tatizo la lugha. Tuseme Uvira ni vivyo hivyo: kalasi ile ina watano au sita. Ninawajua. Ni wale wa benchi la nyuma, wanaorudia mwaka wa kwanza tena na tena, wanaoitwa wajinga mpaka waache shule wenyewe, na hapo takwimu zenu zinapona.

Mtaniambia niende Bukavu, kwenye kituo cha Heri Kwetu, kinachojulikana kwa kuwahudumia wenye ulemavu. Februari 2025 waasi wa M23 waliuchukua mji huo, na Desemba ya mwaka ule ule vita vikaingia Uvira kwenyewe. Mtoto asiyeweza kutaja jina lake haraka simpitishi kwenye vizuizi vya watu wenye bunduki wanaouliza majina.

Siombi jengo. Naomba masikio yapimwe kwa kifaa, si kwa sufuria. Naomba Kiswahili mlichokiandika kwenye programu kisikike kalasini. Na naomba mwalimu mmoja wa Uvira atumwe Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere, ambako tangu 2008 wanafundisha wataalamu wa matamshi na lugha. Pesa mtaipata mkifuta semina moja ya hotelini kuhusu elimu jumuishi.

Mkiona ni mengi, basi mtumeni inspekta aje amwone raia mpya. Mwambieni amuulize kwa Kiswahili, sentensi fupi, kisha angoje. Si sekunde moja: ahesabu hadi kumi, mdomo umefungwa. Mtoto atajibu. Wasiwasi wangu uko kwa inspekta.

Mama wa raia,
Kavimvira, Uvira