Gitaa la Mtumba na Watu Wasio na Kosa

Nchi hii imejaa waungwana. Ukitaka kuwajua kwa mpigo, nunua gitaa la mtumba mtandaoni, litumwe kwa basi kutoka Dar es Salaam mpaka Mwanza, kisha lifike limevunjika kichwa. Utashangaa: hakuna hata mmoja aliyeligusa vibaya.

Muuzaji, ambaye kabla ya hela kuingia aliniita "boss wangu" kila sentensi, sasa akaniita "kaka", tena kwa sauti ya mfiwa. "Kaka, mzigo ulitoka hapa mzima." Akaleta na picha. Kweli, gitaa lilikuwa zima, limeegemea kochi, na nyuma yake runinga inaonyesha mpira. Karani wa mizigo pale stendi ya Nyegezi naye hakuwa na neno baya na mtu. "Mzee wangu, sisi tumepokea boksi. Ya ndani ya boksi anayajua Mungu na aliyefunga." Kondakta akaapa kwamba boksi lilikaa kwenye buti kwa adabu, safari nzima. Kwa ushahidi huo, gitaa lilijivunja lenyewe kwa uchungu wa kuiacha Dar.

Boksi lilikuwa la feni ya kusimama, limeungwa na jingine kwa gundi ya karatasi. Kichwa cha gitaa kilikuwa kimevishwa mfuko wa rambo, basi. Rambo zimepigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo ndani ya boksi lile sheria ilivunjika kabla ya gitaa. Ufa ulianzia pale shingo inapokutana na kichwa, ukapita chini ya vikazio viwili, na nyuzi zote sita zilikuwa zimekazwa kana kwamba kuna mtu anapanda jukwaani jioni ile. Nyuzi sita za gitaa la mbao zikikazwa huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi. Anayejua kazi huzilegeza kabla ya safari na kujaza karatasi chini ya kichwa ili kisining'inie. Muuzaji alikuwa ameandika kwenye tangazo kwamba yeye ni "mpenzi wa muziki". Labda wa kusikiliza.

Nikaanza kudai changu. Muuzaji akanisomea risiti yake: mali ikishauzwa hairudishwi. Karani akanigeuzia risiti yake, nyuma, penye maandishi madogo kama mayai ya chawa: kampuni haitahusika na mzigo utakaoharibika. Nikamkumbusha kwamba wanaosafirisha vifurushi, mabasi yakiwemo, wanatakiwa kuwa na leseni ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na kwamba mteja ana haki ya kulalamika huko. Akatabasamu. Utaratibu, akasema, ni kuanza kwa kulalamika kwa mtoa huduma mwenyewe, maana yake kwake yeye, na yeye alikuwa anaenda kula.

Nikamwendea shemeji yangu, wakili. Wakili wa ukoo hakutozi ada, ila anakula ugali wako wote kwanza. Alipomaliza kunawa akanivunja moyo. Kuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyorithiwa kutoka sheria ya Waingereza ya mwaka 1893, enzi za meli na treni. Kama hamkupatana vingine, muuzaji akishamkabidhi msafirishaji mzigo, inahesabika amekukabidhi wewe. Yaani gitaa lilikuwa langu tangu stendi ya Mbezi, Dar, na kila tuta la Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga lilikuwa linalipiga gitaa langu mimi, nikiwa nimelala Mwanza bila habari.

"Ila," akasema shemeji huku akichokonoa meno, "muuzaji anatakiwa apatane na msafirishaji kwa namna inayoufaa mzigo wenyewe. Asipofanya hivyo, unaweza kumgomea. Hebu risiti ya basi imeandikwa nini?"

Tukaikunjua. Imeandikwa: "Boksi 1, nguo."

Nguo! Mpenzi wa muziki alitaka kuokoa shilingi elfu chache za mzigo wa kuvunjika, akalisafirisha gitaa kama suruali. Kondakta naye, nilipomrudia, akawa mkweli ghafla: nguo hazivunjiki, kwa hiyo juu yake waliweka magunia ya nazi. Nikaipiga picha ile risiti, nikamtumia muuzaji. Alama mbili zikageuka bluu. Kukawa kimya. Halafu nikawa "boss wangu" tena.

Mahakamani hatukufika: kwa gitaa la laki tatu, nauli na kuahirishwa kwa kesi vingekula hata nyuzi. Tulipatana kwamba atalipa fundi, na atapunguza bei kwa kuwa gitaa lililoungwa haliuziki kama zima. Fundi akaweka gundi ya mbao, akalibana kwa jiriwa, na linalia vizuri. Tangu hapo, kabla sijatuma hata senti, namtaka muuzaji aandike kwenye simu: kikivunjika njiani ni juu ya nani? Wengi hukasirika. Wanasema simwamini mtu. Na boksi nalifungulia palepale kaunta, video ikirekodi, kabla ya kusaini. Foleni nyuma yangu inanitukana kwa lugha zote za Kanda ya Ziwa.

Kampuni ya basi nayo haikutaka kubaki nyuma kwa uungwana. Ilinipa punguzo kwa mzigo utakaofuata. Nikauliza kama naweza kulitumia kujisafirisha mwenyewe, niende Dar nikachukue vitu vyangu kwa mkono. Karani akasema haiwezekani: punguzo ni la mizigo tu, abiria analipa nauli kamili, kwa sababu abiria akivunjika njiani ana bima.