Baridi ya Julai Haina Shemeji

Kila Januari binamu yangu aliye Minnesota hutuma picha ya gari lake likiwa limefukiwa na theluji hadi kwenye vioo. Kila Julai, akija likizo nyumbani Kitale, hulala na soksi, sweta na blanketi mbili, na asubuhi anauliza: mbona humu ndani kuna baridi kuliko nje? Swali lake ni la haki. Kwao baridi huachwa mlangoni: ukuta umejazwa sufi, dirisha lina vioo viwili, na chini ya nyumba kuna tanuri linalosukuma hewa moto vyumbani. Kwetu hupenya pale mabati yasipokutana na ukuta, ikaingia, ikavua viatu, ikapanda kitandani.

Wenye theluji wana maarifa yao. Sisi wa Kitale na Bungoma tuna yetu, na tunayabishania kila mwaka Juni, Julai na Agosti zinapofika na mawingu yake. Nimeyapanga kutoka nane kushuka chini. Utani utapungua kadiri tunavyoshuka, na nambari moja naomba usiiruke.

8. Jua umeketi mita ngapi juu ya bahari

Mji wa Kitale uko karibu mita 1,900. Bungoma uko karibu mita 1,400. Kila unapopanda mita 100 hewa hupoa kwa takriban nusu nyuzi na ushee, kwa hiyo kati ya miji hii miwili kuna nyuzi kama tatu hivi. Hizo tatu ndizo zinazomfanya mtu wa Bungoma apande matatu pale Kanduyi na shati la mikono mifupi, aanze kujikunyata Kamukuywa, na akifika Kiminini awe anamwomba abiria wa kando afunge dirisha ambalo limefungwa tangu Webuye. Stendi ya Kitale humtambua kabla hajasema "mulembe".

Naye wa Bungoma ana jibu lake: afadhali kuja bila sweta kuliko kuishi mahali ambapo hata mahindi yanaogopa kukomaa. Hapo kasema kweli. Mbegu ya H614 ya Kenya Seed, kampuni iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956, hukaa shambani miezi sita hadi minane, kwa sababu ubaridi wa nyanda za juu hauukimbizi mmea. Lakini gunia likijaa, jamani, ni nani huja kununua?

7. Mwombe bibi radhi kwa ile nyumba ya nyasi

Tuliicheka, tukaivunja, tukaezeka mabati. Mabati yalituletea heshima, joto hayakuleta. Paa la nyasi ni nene na limejaa hewa iliyotulia, kwa hiyo joto la mchana halitoki upesi. Bati ni jembamba: jua likizama tu, nalo limepoa, na alfajiri linakudondoshea matone ya pumzi yako mwenyewe usoni.

Dawa ni dari. Ukiweza mbao au siling bodi, vyema. Usipoweza, magunia yaliyofumuliwa, yakashonwa pamoja na kutandazwa chini ya kenchi, hufanya kazi ambayo utaisikia usiku wa kwanza. Acha tundu la kupitisha hewa.

6. Mvua ya mawe si theluji

Septemba 2008, kijijini Busara karibu na Nyahururu, mawe ya barafu yalianguka mengi hata yakashikana yakafunika mlima kwa weupe, na watu wakatoka nje kushika kile walichoamini ni theluji. Huku kwetu miteremko ya Mlima Elgon nayo hupata mvua ya mawe, ingawa kwa kipimo kidogo. Watoto hukimbia na sufuria kuokota. Baba yao anasimama mlangoni akitazama majani ya mahindi yakichanwa kama vitambaa. Shamba lililokwisha kuchanua likipigwa hivyo halina fidia ya kicheko, na hapa hata mimi sina mzaha.

5. Mheshimu mtu wa bodaboda kwa mavazi yake

Saa kumi na mbili asubuhi, steji yoyote ya Kitale, mwangalie vizuri. Jaketi amelivaa nyuma mbele ili upepo usipate zipu ya kuingilia. Chini yake ana kipande cha katoni kifuani. Kichwani ana kofia ya marvin chini ya helmeti, mikononi glavu za pamba zilizovaliwa juu ya glavu nyingine, na miguuni gambuti. Huyo hajavaa ovyo. Katoni huzuia upepo, na tabaka mbili nyembamba hukamata hewa kati yake, nayo hewa hiyo ndiyo inayotunza joto. Sweta moja zito la bei kubwa halimfikii.

Bungoma wanasema watu wa Kitale huzaliwa na marvin. Waacheni waseme. Agosti ikifika wanazitafuta sokoni Chwele.

4. Maji ya kuoga, na koili isiyo na huruma

Showeri ya umeme ya kilowati 5 hula uniti nzima ya stima kwa dakika 12. Kwa hiyo mwimbaji wa bafuni anaimba kwa tokeni zako. Mpe wimbo mmoja, mfupi.

Wasio na showeri wana koili ndani ya ndoo. Hapa sikiliza: usitumbukize kidole kupima joto koili ikiwa kwenye stima. Zima swichi, chomoa plagi, toa koili, ndipo uguse maji. Ndoo iwe ya plastiki, na mtoto asiachwe nayo chumbani hata kwa dakika ya kufuata sabuni.

3. Kinachopasha mwili joto na kinachodanganya

Uji wa wimbi mzito, chai ya tangawizi, mahindi mabichi ya kuchoma Agosti yakiiva, na ingokho, yaani kuku, siku mgeni akija. Kuhusu ingokho hakuna mjadala kati ya miji yetu, na ni vizuri kuwa na jambo moja la amani.

Busaa ndiyo inayodanganya. Pombe hufungua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, ndiyo maana mnywaji husikia joto usoni, lakini joto hilo ndilo analolitoa mwilini kulipa hewa. Mzee anayetembea usiku kutoka kilabuni na shati wazi kifuani anapoa huku akiapa ana joto. Msindikize hadi kwake, mfunike.

2. Kifua cha mtoto

Hapa utani nimeuweka kando. Msimu wa baridi ndio watoto wetu hukohoa kwa zamu, na ni rahisi kusema "ni homa tu ya Julai". Tazama anavyopumua. Akipumua haraka kuliko kawaida, au nyama ya chini ya mbavu ikibonyea ndani kila anapovuta hewa, au akikataa kunyonya, usingoje asubuhi ya pili: hiyo yaweza kuwa nimonia, na zahanati ina dawa yake. Kenya ilianza kutoa chanjo ya vimelea vya nimonia mwaka 2011, na watoto huipata bila malipo wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Fungua kile kitabu cha kliniki leo uhakikishe zote tatu zimeandikwa.

Na moshi. Mtoto aliyefungwa mgongoni mama akipuliza kuni za mafiga huvuta kila anachovuta mama. Mpe dada yake amshike nje ya moshi mpaka moto ushike.

1. Jiko lisilale nanyi

Julai moja, miaka mingi iliyopita, tulikuwa wanne katika chumba cha kupanga mjini Kitale. Mvua ilikuwa imenyesha tangu saa tisa. Tulipika ugali, tukala, na jiko tukaliacha katikati ya chumba kwa sababu makaa yalikuwa yamefika pale pazuri: mekundu ndani, majivu meupe juu, bila moshi hata kidogo. Tukaziba chini ya mlango kwa gunia. Usiku mwenzetu mmoja aliamka akitapika, akafungua mlango ili asichafue ndani, akaanguka kizingitini. Kishindo hicho ndicho kilichomwamsha jirani, naye ndiye aliyetuvuta nje mmoja mmoja. Kichwa kiliniuma siku mbili. Wote tulipona, kwa sababu mtu alitapika.

Kosa letu lilikuwa kuamini kwamba moshi ukiisha hatari imeisha. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayotoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na katika chumba kilichozibwa huwa nyingi zaidi. Hung'ang'ania damu kwa nguvu inayoipita oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mtu anapumua vizuri huku mwili ukikosa hewa. Kichwa huuma, miguu hulegea, tumbo huchafuka, kisha usingizi mtamu. Watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja, msiulizane mlikula nini. Fungueni milango, tokeni nje, nendeni hospitalini mkapewe oksijeni.

Lile jiko la bati lenye udongo ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, linaokoa makaa, nami nalipenda. Lakini kuokoa makaa si kuondoa sumu. Ndani ya chumba cha kulala ni hatari kama mengine. Wala hili si balaa la wenye kipato kidogo peke yao. Februari 2021, dhoruba ya theluji ilipokata umeme Texas, huko Marekani, kulikuwa na familia zilizoingiza majiko ya kuchomea nyama ndani ya nyumba, na nyingine zikawasha gari gereji ili zipate joto. Wapo waliokufa kwa hewa hiyo hiyo.

Washa jiko nje, upikie penye dirisha wazi, na ukimaliza kula litoe, hata kama linang'aa. Kabla ya kulitoa, chemsha maji ya mwisho, yatie katika chupa ngumu, ifunge vizuri, izungushie leso na uiweke miguuni pa kitanda. Joto lake litakufikisha usiku wa manane. Ukipita kwa jirani mwenye mlango uliozibwa kwa gunia na mwanga mwekundu ndani, bisha hodi, hata kama ni saa sita usiku. Akikasirika, mwache akasirike akiwa nje.