Namna ya Kuifundisha Mashine Yako Ile Mahindi Tu

Mwongozo huu ni wako, tajiri mwenye mashine ya kusaga na kukoboa pale Magole, kandokando ya barabara ya Morogoro kwenda Dodoma. Mashine yako ina njaa isiyobagua: mahindi inakula, kidole inakula, kanga inakula pamoja na mwenyewe. Kuitia adabu ni kazi yako, si ya kijana unayemlipa kwa debe. Andaa wavu wa chuma, boliti, grisi, kufuli, daftari, na mdomo uliozoea kusema "zima".

1. Vika mkanda kava

Mota nyingi za mashine hizi huzunguka karibu mara 1,450 kwa dakika. Puli yenye kipenyo cha sentimita 13 ikienda kasi hiyo, mkanda hukimbia karibu mita 10 kila sekunde. Ncha ya kanga ikinaswa, kanga nzima imeshakwisha kabla mama hajamaliza kusema "jamani!" Hakuna binadamu mwenye uangalifu wa kushindana na kasi hiyo. Basi kabla hujabandika ukutani karatasi ya "Kuwa mwangalifu", funika mkanda na puli zote mbili kwa wavu, kaza boliti kwa spana, kisha weka kizuizi ili wateja wasubiri unga wao upande wa pili. Kava likifunguliwa kwa matengenezo, lirudi mahali pake kabla mashine haijawashwa. Kava lililoegemezwa ukutani linalinda ukuta.

2. Umeme ukikatika, ufunguo ushikwe

Umeme unakatika foleni ikiwa ndefu. Kijana anaona ndiyo nafasi yake: anafungua kifuniko, anaingiza mkono kutoa unga uliogandamana. Umeme unarudi, na kama swichi iliachwa imewashwa, mashine nayo inarudi kazini.

Nunua stata inayojiachia yenyewe umeme ukikatika, isiyowaka tena mpaka mtu abonyeze. Juu ya hapo, tia kufuli kwenye swichi kubwa. Ufunguo ukae mfukoni mwa yule ambaye mkono wake uko ndani ya mashine. Usikae kwako wala kwa karani. Mwenye injini ya dizeli asidhani yuko salama: injini ikizimwa, vinyundo vya kusagia huendelea kuzunguka kwa muda. Kifuniko kisifunguliwe mpaka visimame kabisa.

3. Grisi iende kwa tarehe

Beringi haivunjiki bila kuaga. Kwanza hupata joto, kisha hulia. Itie grisi kabla haijafika huko: fungua daftari uandike tarehe, kilichofanyika na jina la fundi. Halafu jifunze kujibu. Kijana akija na kusema, "Bosi, mkanda umeanza kuchanika," usimwambie, "Ufunge na waya, tumalize kwanza foleni." Ncha ya waya huo ndiyo itakayodaka shati lake. Mwambie, "Zima. Naleta mkanda mpya." Maneno manne tu, nawe utakuwa umefanya kazi ya mwajiri.

4. Mashine iliyonyweshwa maji isiwashwe kwa kujaribu

Magole na Dumila wanayajua maji. Mafuriko ya Januari 2014 yaliacha maelfu ya watu bila makazi na kuikata barabara hii kuu. Mota iliyozama haikauki ndani kwa sababu nje imekauka. Mwite fundi umeme aifungue, aikaushe na kupima nyaya zake, aangalie na waya wa ethi kama bado umeshika ardhi. Usimtume kijana aguse ili muone kama inapiga shoti.

5. Angalia upande wa Turiani

Barabara inayochepuka Magole inakufikisha Turiani, kwenye kiwanda cha sukari cha Mtibwa. Mei 2024 bomba la mvuke lilipasuka humo na watu 11 wakafariki. Walikwenda kazini kama wako wanavyokuja kwako kila siku. Kiwanda kina mvuke, wewe una mkanda na vinyundo, na wote mna deni lilelile: mtu aliyeingia mzima atoke mzima.

6. Soma sheria kabla haijakusomea

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inambebesha mwajiri wajibu wa kuweka mitambo salama na kuwafundisha wanaoitumia, na wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, wana mamlaka ya kuingia na kukagua. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyoanzisha Mfuko wa Fidia, WCF, na mchango wake hutoka mfukoni mwa mwajiri. Usimkate kijana hata shilingi. Uchangie, lakini ukumbuke kwamba fidia hulipwa baada ya mkono kukatika, na kava hufungwa kabla.

7. Lipia muda wa kusimama

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Msimu wa mavuno magunia yamejaa mpaka barazani, na kijana analipwa kwa debe. Kila dakika mashine inaposimama, chakula cha watoto wake kinapungua. Ukimlipa hivyo kisha ukamwambia azingatie usalama, umemwambia achague kati ya vidole vyake na ugali wake, na atachagua ugali. Mlipe saa za matengenezo kama saa za kusaga. Mwambie mbele ya wateja kwamba akiona hatari azime bila kukuuliza, na siku atakapozima, msifu mbele ya wateja haohao.

Kijana hawezi kununua kava kwa ujira wa siku moja, wala hawezi kuiambia foleni irudi kesho. Wewe unayaweza yote mawili, na kwa sababu unayaweza, ajali ya mashine yako ni yako kuizuia. Anza leo jioni, baada ya debe la mwisho: zima, funga kufuli, pima upana wa mkanda, kisha nenda kwa mchomeleaji ukaagize kava.