Sifa za Doa la Begani

Shaaban Robert alimwandikia wasifu Siti binti Saad. Majahazi yameimbwa, karafuu imeimbwa, hata kikohozi cha mzee kimepata wa kukitania. Lakini maziwa anayocheua mtoto mchanga, yale yanayotua begani mwa baba dakika tatu baada ya kuvaa shati la kazini, hayajapata wa kuyasifu. Nami najiona nafaa kuianza kazi hiyo, kwani tangu mwanangu azaliwe sina shati ambalo mabega yake yote mawili ni ya rangi moja.

Nianze na uaminifu. Katika Dar es Salaam hii, ukimkopesha mtu elfu kumi utamwona tena msibani, na hata huko atakaa upande wa pili wa turubai. Kijana wangu hana tabia hiyo. Mkopeshe mililita 180 za maziwa ya kopo, atakurudishia sehemu yake kabla hujatafuta kiti, na akichelewa kidogo anarudisha mtindi, maana asidi ya tumbo imeshayagandisha. Kopo la gramu 400 bei yake naijua kuliko tarehe ya ndoa yangu. Kwa nini kopo? Mama yake alikuwa na sababu zake na za daktari, na jirani aliyetaka kuzichimba zaidi aliulizwa na mama mkwe kama ndiye atakayelinunua.

Kosa si la mtoto. Pale umio unapoingia tumboni pana msuli uliojikunja kama pete, nao kwa mtoto mchanga ni bawabu wa wiki ya kwanza kazini: kila anayesukuma mlango anapishwa. Tumbo lenyewe dogo, chakula maji matupu, na mwenye nyumba kutwa kalala chali. Karibu nusu ya watoto walio chini ya miezi mitatu hucheua walau mara moja kwa siku. Mambo hupamba moto mwezi wa nne, na wengi wao huacha kabla ya kutimiza mwaka.

Sifa ninayoienzi zaidi ni ya ualimu wa hesabu. Mjomba, kaka yake mama mkwe, alikuwa akiingia tu anamtazama mtoto na kutoa hukumu: "Huyu hashibi." Basi tukawa tunamtilia 180, mara sita kwa siku, na Mjomba akikaribia chupa anaongeza kijiko cha unga ili maziwa "yashike". Mtoto alikuwa na miezi miwili na kilo tano. Siku ya kliniki muuguzi akachukua kalamu: takriban mililita 150 kwa kila kilo kwa siku, mara kilo tano, ni 750. Ninyi mnampa ngapi? Elfu moja na themanini. Hakusema neno. Alituangalia kama anavyoangaliwa mtu aliyejaza daladala abiria kisha akashangaa kwamba mlango haufungi.

Tukahamia chupa ndogo za mililita 90, mara nane: vijiko vitatu vya kopo, vimesawazishwa, bila cha Mjomba. Katikati ya chupa, anabeulishwa. Akimaliza, nusu saa wima begani. Hapo ndipo doa linapodai heshima yake, kwani ni nani mwingine aliyewahi kunisimamisha dirishani saa tisa usiku, bila simu, nikisikiliza majogoo waliokosea saa? Mama mkwe alishauri alazwe kifudifudi ili asipaliwe. Muuguzi alikataa katakata: chali, hata huyu anayecheua. Mama mkwe alinuna siku mbili, akasamehe.

Doa hili pia lina majivuno. Mimina kijiko cha mezani cha maziwa juu ya khanga uone: mililita 15 tu zinatanuka kama sahani ya pilau. Nusu ya hofu yetu ilikuwa upana.

Lakini sifa zisimfikie asiyestahili. Wapo wanaovaa nguo za kucheua nao ni majambazi. Matapishi ya kijani, yenye damu, yale yanayoruka kwa kishindo kila baada ya chupa kwa mtoto wa wiki chache, ambayo huenda chanzo chake ni mlango wa chini wa tumbo uliobanwa na msuli ulionenepa, na huo hufunguliwa na daktari wa upasuaji. Uzito usiopanda, nepi zinazokaa kavu, homa. Hao hawasubiri asubuhi wala ushauri wa jirani. Wa kwangu alikuwa anacheka huku akichuruzika, na kadi yake ya kliniki inapanda kama mnazi, kwa hiyo muuguzi hakutuandikia dawa yoyote. Alituandikia kuvumilia, na hiyo haipatikani duka la dawa.

Sikukuu ya Idi, Mjomba alikuja na kanzu mpya, nyeupe, imepigwa pasi hadi inakata. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza amemaliza chupa, hajabeulishwa. "Hebu nipe mjukuu wangu," akasema, akimpima kwa macho. "Hamjamshibisha bado." Akamnyanyua juu ya kichwa chake, akamrusha, akamdaka, akamlaza begani.

Nilikuwa na khanga mkononi. Niliikunja taratibu nikaikalia.