Ongeza Kidogo: Nguvu ya Efekti katika Video za Harusi za Garissa

Nguvu ya efekti katika programu ya kuunganisha picha za video ni kiasi cha picha iliyobadilishwa kinachoruhusiwa kuonekana juu ya picha ya asili. Kitelezi kikiwa kwenye 0, picha hubaki jinsi kamera ilivyoiona. Kikifika 100, ile ya asili haionekani tena. Katikati, programu hupiga hesabu ya kila nukta: kwa asilimia 30, huchukua sehemu 30 za picha iliyobadilishwa na sehemu 70 za ile ya asili, ikazijumlisha. Misingi ya hesabu za namna hii iliwekwa wazi na Thomas Porter na Tom Duff katika makala yao ya mwaka 1984. Wataalamu hao walizingatia kila kitu isipokuwa shangazi wa bibi harusi.

Katika Nuke kitelezi hicho huitwa Mix, yaani mchanganyiko, katika Fusion huitwa Blend, na katika After Effects kimefichwa chini ya kila efekti, kwenye Compositing Options, mahali ambapo fundi mwenye haraka hafiki. Fundi huyo hukutana kwanza na namba za efekti yenyewe, akadhani ndizo nguvu zote zilizopo. Hapo ndipo harusi nyingi za Garissa huharibikia, wali na nyama ya ngamia vikiwa vimeshaliwa kwa amani.

Mfano ulio karibu ni ukungu wa kuficha uso. Baadhi ya familia za Garissa, Wajir na Mandera hazitaki nyuso za wanawake zizunguke kwenye simu za watu, na fundi hupewa agizo hilo kabla hata ya kupewa chai. Huweka ukungu mzito, akaona doa limekaa vibaya katikati ya picha, akapunguza mchanganyiko hadi asilimia 60 ili lipendeze. Kumbe asilimia 40 ya uso halisi imebaki chini yake, na kingo zake zote kali: macho, pua, hata mwanya. Mhusika anatambuliwa na ukoo mzima, ila sasa anaonekana ametokewa na moshi. Kwa efekti ya kuficha, mchanganyiko huachwa kwenye 100, kinachoongezwa au kupunguzwa ni upana wa ukungu wenyewe. Kwa efekti ya rangi mambo ni kinyume: rangi hupangwa kwa ukamilifu, kisha mchanganyiko ndio unaoteremshwa hadi mtazamaji asiulize picha imefanywa nini.

Kinachosumbua zaidi ni efekti inayochagua pa kufanyia kazi kwa kufuata rangi. Ngozi za binadamu, nyeusi kwa nyeupe, hukaa katika ukanda mwembamba kati ya nyekundu na njano. Kinachotofautiana sana ni mwanga. Programu za kulainisha ngozi hutegemea ukanda huo. Bahati mbaya, hina iliyopakwa kwenye ndevu za wazee wa Kaskazini Mashariki imekaa humo humo. Kitelezi kikisukumwa hadi mwisho kwa ajili ya mashavu ya bwana harusi, ndevu za babu yake nazo hulainishwa, unywele baada ya unywele, mpaka kidevuni pabaki kitu kimoja cha rangi ya machungwa kisicho na maelezo. Ngamia waliopita nyuma nao hutoka wametakata uso. Dawa yake ni maski: mstari unaochorwa kuzunguka uso unaohusika, ili nguvu iishie hapo na babu abaki na heshima yake.

Kitambaa cha kijani kina mikasa yake. Mbinu ya kuondoa rangi moja na kuweka mandhari nyingine ni ya kale kuliko kompyuta. Larry Butler aliitumia, kwa rangi ya buluu, katika filamu ya The Thief of Bagdad ya mwaka 1940 akapata Oscar. Fundi wa Garissa huitumia kumhamishia bibi harusi Dubai. Kipimo cha uvumilivu kikiwa chini, ukingo wa kijani humzunguka kichwani. Kikiwa juu, na akiwa amevaa dirac ya kijani aliyoletewa kutoka Eastleigh, nguo huondoka pamoja na pazia. Kinachobaki mbele ya Burj Khalifa ni kichwa kinachotabasamu na viganja viwili vyenye hina. Kuna pia kitelezi cha kufuta kijani kilichoakisiwa kwenye ngozi. Nacho kikizidishwa, kitita cha miraa mkononi mwa shemeji hugeuka kijivu kama nyasi za kiangazi, na malalamiko ya shemeji hufika kabla ya yale ya bibi harusi.

Efekti ya mng'aro nayo huongozwa na kizingiti: sehemu iliyozidi mwanga fulani ndiyo inayong'aa. Garissa iko chini ya nusu digrii kusini mwa ikweta, na saa sita mchana kanzu nyeupe huvuka kizingiti chochote. Msafara wa bwana harusi hutoka wote wakiwa na nuru ambayo kwa baadhi yao hailingani na tabia. Tabaka zikirundikwa, hesabu haijumlishwi bali huzidishwa: tabaka mbili za weupe, kila moja ya asilimia 50, huacha robo ya picha ya asili, ya tatu huacha asilimia 12.5, yaani bwana harusi wa kukisia.

Nguvu hubadilishwa pia kwa wakati. Fundi huweka alama pale efekti inapoanza kupanda na nyingine pale inaposhuka. Akisahau ya pili, mtikisiko uliowekwa kwa ajili ya ngoma hauna wa kuusimamisha, na khutba ya nikaha yote husomwa katika tetemeko la ardhi.

Jicho la fundi nalo huzoea. Kilichozidi saa mbili usiku, saa tano huonekana pungufu, ndiyo maana efekti huzimwa na kuwashwa mara kwa mara ili ilinganishwe na asili. Mteja huitazama kazi hiyo kesho yake kwenye simu, juani, nje ya duka, akasema, “Warya, ongeza kidogo.” Anachohitaji ni kivuli. Nguvu ikiongezwa, usiku kwenye televisheni ya sebuleni kanzu hazina tena mkunjo. Grafu ya mwanga iliyomo ndani ya programu haijali jua wala ukoo, na ndiyo inayofaa kuaminiwa.

Baada ya kurenda, yaani kutoa video ya mwisho, efekti na picha huwa kitu kimoja na hakuna kitelezi kinachovitenganisha. Kwa hiyo faili la mradi halifutwi malipo ya mwisho yanapoingia kwa M-Pesa; hukaa kwenye diski pamoja na video za asili angalau mpaka shangazi wa bibi harusi arudi kutoka Mandera, maana yeye bado hajaiona video.