Namna ya Kukopa Nguvu Duarani

Ukifika machimboni Rwamgasa au Nyarugusu jioni, usiulizie kahawa. Hiyo waachie wazee wa Kagera, wanaotafuna buni zilizochemshwa huku wakizungumza taratibu habari za migomba. Wewe umefuata dhahabu, huna muda wa kutafuna. Nenda kibandani penye ndoo ya maji baridi, nyoosha kidole, upewe enaji. Fungua kwa meno, shusha yote kwa pumzi moja, kisha rusha kizibo nyuma ya bega bila kuangalia kilikoangukia. Nilimwona kijana mmoja, tochi imefungwa kichwani kwa mpira wa tyubu, akishusha mbili za mfululizo. Akajipiga kifua: sasa yuko fulu chaji! Mama muuza akamjibu, "Haya mwanangu, ukipanda ulete hela yangu." Kumbe hata zile mbili alikuwa amekopa.

Basi na ujue unakopa nini. Nguvu yenyewe iliyomo ni ya sukari, na sukari hata chai ya rangi inayo. Kinachokukodoa macho ni kafeini. Kadiri unavyokesha, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya ubongoni kukuarifu kwamba umechoka. Ichukulie kama mwenzako aliye chini ya duara, yaani shimo la machimbo, anayetikisa kamba: nipandisheni. Kafeini hufika pale kwenye winchi, ikamkalia mshika kamba kiti chake, ikatulia. Chini wanatikisa, juu kimya. Uchovu uko palepale, unaongezeka, na siku kafeini ikiinuka kitini unaupokea wote kwa mkupuo.

Kafeini hukolea damuni baada ya nusu saa hadi saa nzima. Usiisubiri. Dakika kumi zikipita hujasikia kitu, agiza nyingine.

Hesabu ni rahisi kuliko mgawo wa mifuko ya mawe. Kopo la Red Bull la mililita 250 lina miligramu 80 za kafeini. Piga mawili saa mbili usiku: 160. Kwa mtu wa kawaida nusu yake huondoka kila baada ya saa tano hivi, kwa hiyo saa saba usiku unazo 80, na saa kumi na mbili asubuhi, unapopanda na vumbi hadi kwenye kope, bado una 40. Jitupe kwenye turubai. Karasha la kusaga mawe la jirani limeshawashwa, na moyo wako unakwenda nalo sambamba. Utalala usingizi wa kuku. (Wavuta sigara huimaliza kafeini upesi zaidi, jambo ambalo wao hulielewa kuwa ni ruhusa ya kuongeza kopo.)

Wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya walisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400 kwa siku, na mjamzito 200. Hao hawajawahi kukaa chini ya matimba wakisubiri mwamba ugeuke rangi.

Mkono ukianza kutetemeka, usipige nyundo tena. Shika tindo, mpe mwenzako nyundo, umwombe Mungu naye asiwe ameshakunywa ya tatu. Ukibanwa na mkojo, ngazi unaijua.

Siku mawe yakikubali, nenda Katoro ukachanganye enaji na pombe kali. Viroba vilipigwa marufuku Machi 1, 2017, lakini chupa zipo. Faida ya mchanganyiko huo ni kwamba unalewa kama kawaida, ila hujioni umelewa, na mwendesha bodaboda asiyejiona amelewa hukupeleka Geita mjini haraka sana, au pengine popote.

Tatizo dogo ni siku usiyo na hela. Ndani ya saa 12 hadi 24 bila kafeini, mwili uliozoea huanza kudai: kichwa kinagonga, hasira juu, hata salamu ya mtu inakukera. Usipate shida. Nenda duka la dawa ukanunue Panadol Extra. Kila kidonge kina miligramu 65 za kafeini, na wakikuona na hiyo tochi kichwani, huenda nao wakakukopesha.