Jinsi ya Kumnyang'anya Mtu Mweusi Ushindi Wake

Mwongozo huu ni wa yule anayeshikwa na homa kila mtu mweusi anapofanikiwa. Hatua zake sikuzibuni mimi. Zimetumika kwa zaidi ya miaka 250, na zinaniuma kiasi cha kutaka kuzianika, ili anayetendewa azitambue mapema.

Anza kwa kukana kwamba kazi ni yake. Phillis Wheatley alifikishwa Boston mwaka 1761, mtoto wa miaka kama saba, akauzwa utumwani. Kabla hajatimiza miaka 20 tayari alikuwa anaandika mashairi ya Kiingereza yaliyosomwa Marekani na Uingereza. Hapo dai mashahidi. Wanaume 18 wenye vyeo na majina mjini Boston, gavana Thomas Hutchinson akiwemo, walitia saini waraka wa kuthibitisha kwamba mashairi ni ya binti huyo. Na bado kitabu kilibidi kichapishwe London, mwaka 1773, kwa sababu Boston hawakupatikana watu wa kutosha wa kukilipia. Mshairi gani mzungu wa siku zile alitakiwa aje na gavana ndipo aaminiwe kwamba ameandika mwenyewe?

Mashahidi wakipatikana, badili swali. Thomas Jefferson, mwandishi mkuu wa Azimio la Uhuru la Marekani, hakuhangaika sana na suala la nani kaandika. Aliamua tu kwamba mashairi yenyewe hayafai hata kuhakikiwa, akaendelea na mambo yake.

Uwanjani kazi ni ngumu zaidi, maana saa imepima na maelfu wameona. Huko usikane ushindi. Mpe sifa mwili, mwenyewe umnyime. Jesse Owens alitwaa dhahabu nne kwenye Olimpiki ya Berlin, 1936. Mmoja wa makocha wa timu hiyohiyo ya Marekani, Dean Cromwell, aliandika kitabu mwaka 1941 akieleza kwamba mweusi anawashinda wengine kukimbia na kuruka kwa kuwa yuko karibu zaidi na maisha ya kale, na kwamba si zamani sana kukimbia na kuruka kulikuwa suala la kufa na kupona kwake msituni.

Msitu gani? Owens alizaliwa Alabama akakulia Cleveland, mji wa viwanda. Jioni baada ya masomo alikuwa na kibarua kwa fundi viatu, hivyo kocha wake wa shule, Charles Riley, alimfanyisha mazoezi alfajiri kabla ya kengele kulia. Huyo ndiye mtoto aliyekuja kushinda Berlin: mtoto aliyeamka mapema kuliko wenzake kwa sababu jioni yake ilikuwa imeshauzwa.

Kinachonikera zaidi ni kwamba jibu lilikuwa limeshachapishwa. Watu walidai weusi wana mfupa mrefu wa kisigino na misuli ya mguu ya aina yake, eti ndiyo siri ya mbio zao. William Montague Cobb, mwanaanatomia mweusi wa Chuo Kikuu cha Howard, akachukua vipimo vyake akampima Owens mwenyewe. Mguu wa Owens haukufanana na ule wa kwenye hadithi. Cobb akawaangalia na mabingwa wengine weusi, asiione alama hata moja ya mwili waliyokuwa nayo wote. Makala yake ilitoka Januari 1936, miezi saba kabla ya Berlin. Cromwell alikuwa na miaka mitano ya kuisoma.

Tazama hapo namna hatua hizi zinavyopingana. Wheatley alipoandika, mwili wake mweusi ulikuwa kizuizi. Owens alipokimbia, mwili huohuo ukawa ndio ulioshinda. Akili na jasho la mtu havikutajwa popote.

Wakimbiaji wa Kenya na Ethiopia wanaujua wimbo huu. Tarehe 12 Oktoba 2019 Eliud Kipchoge alikimbia masafa ya marathoni mjini Vienna kwa saa 1:59:40. Kesho yake Brigid Kosgei alishinda Chicago kwa saa 2:14:04 na kuifuta rekodi ya Paula Radcliffe wa Uingereza iliyodumu miaka 16. Wape basi maelezo ya kawaida: vinasaba, miinuko, utotoni walikimbia kwenda shule. Miinuko inasaidia, sibishi. Lakini Nepal na Bolivia nazo zina miinuko, na watoto wanaokimbilia shule nchini Kenya ni wengi mno. Mbona hawawi mabingwa wote? Kipchoge hukimbia zaidi ya kilomita 200 kwa wiki huko Kaptagat, na kila zoezi huliandika kwenye daftari. Anza na daftari hilo.

Ofisini na mahakamani sema kapewa kwa rangi. Mwaka 2022 Ketanji Brown Jackson alipoteuliwa kuingia Mahakama ya Juu ya Marekani, mtangazaji Tucker Carlson alitaka aonyeshwe alama za Jackson za mtihani wa kuingilia shule ya sheria. Jackson alikuwa na shahada mbili za Harvard, zote kwa heshima. Alikuwa amewatetea mahakamani watu wasio na uwezo wa kumlipa wakili, na amekaa miaka minane akiendesha kesi kama jaji wa mahakama ya shirikisho mjini Washington. Stephen Breyer, jaji aliyekuwa anamwachia kiti, alikuwa amemwajiri miaka mingi nyuma kama karani wake wa sheria, basi kazi yake aliijua kwa macho yake. Majaji 115 walimtangulia Jackson kwenye Mahakama ya Juu, na 108 kati yao walikuwa wanaume wazungu. Kwa zaidi ya miaka 170 ya mwanzo hakuteuliwa mtu yeyote asiye mwanamume mzungu, na wanaume hao wote walihesabiwa kuwa wamepata nafasi zao kwa uwezo.